Kuku Kumi na Saba wa Mama Otilia

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, khanga ya mke wangu na hotuba. Saa inafanya kazi. Hotuba ilikuwa uongo mtupu, ila nawasamehe, kwa sababu aliyeisoma siye aliyeiandika, na aliyeiandika hajawahi kufanya kazi na mimi hata siku moja. Ilisema nilikuwa mtaalamu wa kuigwa. Nimeona kabla hamjaanza kuniiga niwaandikie mambo machache ya kazi hii ya ubwana mifugo, hasa habari ya banda la kuku la Mshangano. Wengi wenu mnapita karibu nalo kila siku mkidhani lilijengwa liwe la mashine ya kusaga.

Niliripoti Songea na cheti ndani ya bahasha ya kaki, natokea Mbinga kwa wazazi waliokuwa wameshawatangazia majirani kwamba mtoto wao ni daktari. Sikuwasahihisha. Ofisini nilikuta meza moja, viti viwili na jokofu la mafuta ya taa ambalo kazi yake ilikuwa kutunza chanjo. Ndani mlikuwa na chupa nne za bia na samaki wa mkuu wangu. Chanjo ilikuwa juu ya kabati, mahali penye jua zuri la asubuhi. Nikauliza. Nikaambiwa nisijifanye mjuaji siku ya kwanza, na kwa kuwa nilikuwa mtiifu, nilikaa miaka mingi bila kujifanya mjuaji mahali palipohitaji mjuaji.

Kazi nilifundishwa na Mzee Haule. Kwenye karatasi alikuwa msaidizi wangu, mtu wa darasa la nne, na mimi nilikuwa mkubwa wake. Kwenye karatasi tu. Asubuhi ya tatu alinipitia na baiskeli, jua halijachomoza na ukungu wa milima ya Matogoro umetanda mpaka barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi ndani ukavae koti. Hapa si chuoni."

Kuku wa huku hulala jikoni, karibu na majivu ya moto, kwa sababu ya baridi, vicheche na wezi. Mama mwenye nyumba akishafungua mlango, kuku wametawanyika, na wewe na dawa yako utashinda unakimbiza manyoya shambani kwa watu. Kwa hiyo ni lazima ufike mlango haujafunguliwa. Hilo chuoni hawakunifundisha, maana kuku wa chuoni walikuwa kwenye vizimba na walikuwa wakingoja. Tulipoingia jikoni, Mzee Haule hakumgusa kuku yeyote. Alichuchumaa akaangalia kinyesi.

"Kuku anajikaza," aliniambia. "Anaumwa na bado anatembea ili wenzake wasimdonoe. Choo chake hakijui kujikaza."

Alinipa pia onyo moja ambalo niliandika kwenye daftari kisha nikalidharau: nisimhesabie mwanamke kuku wake mbele za watu. Nilidhani ni mambo ya kishirikina. Niliweka alama ya kuuliza pembeni, kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu anayesahihisha.

Chombo changu cha thamani kilikuwa chupa ya chai. Ninyi mna masanduku ya baridi yenye vipimajoto. Sisi tulikwenda kuomba barafu kwenye baa, tukaijaza kwenye chupa ya chai, tukazamisha vichupa vya chanjo, tukaifunga chupa nzima kwa kitambaa kilicholowa na kuiweka kwenye kikapu cha baiskeli. Ikifika saa nne asubuhi barafu imekwisha na kazi imekwisha. Ukichelewa, chanjo imeharibika, mwaga. Mzee Haule alikuwa anamwaga kweli, mbele ya wenye kuku, huku akiwaeleza kwa nini. Mimi nilikuwa naona aibu. Niliona ni heri kumdondoshea kuku jichoni chanjo iliyokwisha nguvu kuliko kuonekana ofisi imeshindwa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Madukani vikarudi sabuni, sukari na vitenge, mitumba ikajaa sokoni, kila mtu akawa mfanyabiashara wa kitu fulani. Upande wetu wa kazi, serikali ilijitoa polepole, ikiita jambo hilo mageuzi. Mafuta ya taa ya jokofu yakaondolewa kwenye bajeti. Chanjo ikawa ya kuchangia, halafu ikawa ya kuagiza, halafu ikawa ya kungoja. Hospitali nazo zikaanza kuwatoza watu. Na kila Ijumaa ulikuja uvumi wa orodha ya watumishi watakaopunguzwa kazini. Mzee Haule alikwenda na orodha ya kwanza. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa na cheti.

Wakati huo ndipo walipofika watu wa mradi kutoka ng'ambo. Kiongozi wao tulimwita Bi Hana, binti mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kwa miezi mitatu na kukisema vizuri kuliko alivyokisikia. Waliwakusanya wanawake wa Mshangano chini ya paa la shule, wakawaomba wachore ramani ya Mshangano sakafuni kwa mawe na maharage. Watu waliozaliwa pale, waliolima pale, wakachora kwa maharage njia ya kwenda makwao. Walipomaliza, maharage yakabaki sakafuni na mama mmoja akayaokota akaondoka nayo. Huyo ndiye mtu pekee ninayejua kwa hakika kwamba alinufaika na siku ile.

Kisha wakaulizwa wanahitaji nini. Walisema chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku kila kiangazi, ambao ninyi vijana mnauita kideri. Walisema neno hilo mara nyingi na mimi mkalimani nililitafsiri ipasavyo. Bi Hana aliandika kwenye karatasi kubwa: banda la kuku. Banda lilikuwemo kwenye bajeti; chanjo haikuwemo. Wanawake wakapiga makofi, kwa sababu mgeni akikuandikia kitu kwa kalamu ya rangi huwezi kumwambia afute.

Sasa niwajulishe Mama Otilia. Alikuwa mjane wa makamo, mkulima wa mahindi na ulezi, aliyekaa na mama yake mzazi ambaye sisi wote tulimwita Bibi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa akitembea uani kwa kugusa ukuta, na ukimsalimia anageuza uso upande usiokuwa wako. Hospitali ya misheni walisema macho yale yanafunguka kwa upasuaji, ila upasuaji ulikuwa umeanza kulipiwa. Mama Otilia hakuwa na ng'ombe wala kahawa. Alikuwa na kuku. Aliniambia mwenyewe siku moja, huku akiwarushia pumba: "Hawa si wa mboga, Bwana Mifugo. Hawa ni macho ya mama."

Bi Hana alipita nyumba kwa nyumba na fomu, mimi nikimfuata. Tulipofika kwa Mama Otilia walikuwepo majirani kama sita. Swali la nne la fomu liliuliza kaya ina kuku wangapi.

"Wanne," alijibu Mama Otilia.

Nikacheka. Nawaambieni nilicheka, kwa sauti, nikiwa na kalamu mbili mfukoni. "Mama Otilia, mbona unawaficha wageni? Una kuku kumi na saba. Wanne hapa, watano Matogoro kwa dada yako, wanne Msamala kwa msimamizi wa ubatizo wa Otilia, na wanne hapo kwa jirani yako."

"Haya," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Wanawake wa huku hufugishiana. Unampa dada au rafiki mtetea wako akufugie, yeye anachukua sehemu ya vifaranga kwa kazi yake, na mtetea anabaki wako. Kila mwenye akili ana kuku wake kwa watu watatu au wanne, na nyumbani kwake anao wa watu wengine. Mimi nilikuwa nimeliona jambo hilo miaka yote niliyozunguka na baiskeli na sikujiuliza hata mara moja lina maana gani. Bi Hana aliponiuliza kwa nini kuku wa mtu mmoja wako mahali pengi hivyo, nilimjibu kwa kujiamini kwamba ni ufugaji wa kizamani, unaotawanya mali ya kaya. Akaandika. Akafurahi. Siku ile ikaamuliwa kwamba kila mwanamke aliyejiunga na kikundi cha mradi atakusanya kuku wake wote na kuwaleta bandani kama mchango wake.

Ujenzi ulianza mwezi wa saba. Mchoro ulitoka ng'ambo, wa kupendeza, wenye madirisha makubwa ya wavu pande mbili na mabomba ya chuma ya kuku kulalia. Fundi Nchimbi, mwashi tuliyemkodi, aliugeuza juu chini mara mbili.

"Banda hili ni la wapi?"

"La hapa Mshangano."

"Huyu aliyelichora amewahi kulala hapa mwezi huu wa saba?"

Nilimwambia ajenge kama ilivyochorwa. Fundi akatazama upande wa Matogoro unakotoka upepo, akatazama mabomba ya chuma, akatema mate pembeni na kuanza kuchanganya udongo. Mabomba aliyaacha kwenye nyasi, akafunga fito za miti bila kumwuliza mtu. Hilo ndilo jambo la kitaalamu lililofanyika kwenye mradi ule, na alilifanya mtu asiye na cheti.

Vijana kumi na wawili wa ng'ambo walikuja kusaidia. Walivaa glavu na fulana zinazofanana, wakajipanga mstari, wakapeana tofali moja moja kutoka mkono hadi mkono mpaka ukutani. Tofali ambalo Fundi Nchimbi angelifikia kwa hatua tatu lilipita mikononi mwa watu kumi na wawili na kupigwa picha njiani. Wanawake wa kikundi walisomba maji kutoka bondeni, wakapika, wakaosha vyombo, wakaambiwa huu ni mradi shirikishi. Plasta ilipokuwa mbichi vijana wale waliandika majina yao ukutani. Jina la Mama Otilia, aliyebeba maji ya plasta ile kichwani, halikuwemo.

Halafu wakatamani banda lizinduliwe kabla hawajaondoka, maana ndege yao ilikuwa na tarehe. Chanjo niliyoagiza ingefika wiki mbili baadaye. Kuku wa nyumba ishirini walitakiwa kuwekwa pamoja kiangazi, bila chanjo, na juu yake mradi ulikuwa umenunua majogoo sita wa kisasa kutoka kwa mchuuzi wa lori sokoni mjini. Majogoo walifika mchana. Mmoja alikuwa amesinzia saa saba ya jua kali, mbawa zimelegea. Nilichuchumaa nikaangalia kinyesi. Kilikuwa cha kijani. Nilijiambia labda amekula majani.

Mkuu wangu alikuwa nyuma yangu. "Mgeni rasmi anakuja keshokutwa," alisema. "Banda tupu halizinduliwi. Na wewe unajua hali ya ofisi ilivyo." Alimaanisha orodha. Alikuwa hana haja ya kuitaja.

Jioni ile ile Mama Otilia alinifuata nikiwa nafunga mzigo kwenye baiskeli. Alisimama mbali kidogo, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Bwana Mifugo, nakuuliza wewe. Wao siwaulizi. Kuku wangu wote niwalete?"

Ningeweza kusema mama, ngoja. Neno moja. Ningeweza kumwambia alete wawili wa kuonyesha, awaache wengine walipo mpaka chanjo ije, na hakuna mtu yeyote ambaye angejua kwamba nimesema hivyo. Mkuu alikuwa ameshaondoka. Sina hata kisingizio cha kusema nilikuwa nasikilizwa.

"Walete, mama," nilisema.

"Hata wa Matogoro?"

"Hata wa Matogoro."

Akashukuru. Kesho yake alikwenda Matogoro kwa miguu, akarudi na matenga mawili. Akapita Msamala, kisha kwa jirani, akachukua wale wengine. Kwenye uzinduzi ngoma ya lizombe ilichezwa, utepe ukakatwa, mgeni rasmi akambeba mtetea mmoja juu juu kwa ajili ya picha, na mtetea akamchafulia suti. Watu walicheka sana. Kile kinyesi nilikiona pia.

Bi Hana na vijana wake waliondoka Jumamosi. Jumatano jogoo wa kwanza akafa, na baada ya hapo sikuwa na haja ya daftari kujua kinachofuata. Kuku walilegea, wakaharisha, wakapinda shingo na kuzunguka mahali pamoja. Wavu uliingiza upepo wa baridi kila usiku na kuku wakajikusanya kona moja, wagonjwa na wazima pamoja, ili wapate joto. Ndani ya siku kumi na mbili banda lote likawa kimya. Niliwakuta wanawake wanatoa mizoga kwa ndoo zenye nembo ya mradi.

Mzee Haule alikuja kwa baiskeli yake, mzee asiye na kazi, asiyelipwa na mtu. Aliwaelekeza wanawake wachimbe shimo refu, wachome kila kitu, wasimpe mtu hata kuku mmoja wa kula, wafue nguo kabla ya kwenda kwa majirani. Mambo hayo yote yalikuwa kazi yangu. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Na wa Matogoro mliwaleta?"

"Ndiyo, mzee."

Akapanda baiskeli akaenda. Kule Matogoro kuku walio mali ya dada yake Mama Otilia hawakufa hata mmoja. Mdondo haukufika kule. Wale watano wangekuwepo. Nilisimama kwenye shimo lile, na ndipo nikaelewa kile ambacho wanawake wasiojua kusoma walikuwa wakikifanya siku zote, kuwatenganisha kuku ili ugonjwa ukiingia nyumba moja usimalize mali ya mtu. Na kwamba mimi, mtaalamu, nilikuwa nimetumia cheo changu kuwakusanya wafe pamoja. Nilijichukia. Ila si kiasi cha kuacha kufanya lililofuata.

Lililofuata ni ripoti. Mkuu aliniambia niandike, na akanitajia sentensi ya mwisho kwa kinywa chake: vifo vimetokana na wanakikundi kutozingatia ushauri wa mtaalamu. Niliiandika kwa mwandiko mzuri. Nikaweka sahihi. Orodha ya watumishi ilipotoka mwezi ule jina langu halikuwemo, na siku ya kuniaga mliipongeza miaka yangu mingi ya utumishi bila kujua imejengwa juu ya nini.

Miezi mitatu baadaye kikaitishwa kikao cha tathmini, pale pale shuleni. Alikuja mgeni mwingine kutoka ng'ambo, mwanamume aliyekuwa akitazama saa. Wanawake walikuja karibu wote. Mama Otilia alikuja amemshika Bibi mkono, akamketisha kwenye dawati la mbele, uso wa Bibi umeelekea dirishani. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, na pia ndiye niliyetakiwa kuisoma ripoti. Niliisoma haraka haraka, nikitumaini wengi hawatafuata. Mama Otilia akanyoosha mkono.

"Samahani, Bwana Mifugo. Kile kipande cha mwisho, naomba ukirudie."

Nikakirudia. Wanakikundi kutozingatia ushauri wa mtaalamu.

Akasimama. Hakupaza sauti. "Ushauri wako tuliuzingatia, baba," alisema. "Tungekuwa hatukuuzingatia, leo mama yangu angekuwa anakuona."

Bibi aliposikia anatajwa aligeuza uso kunitafuta, akaukosa uso wangu kwa kama hatua mbili, akabaki akitabasamu kuelekea ubaoni. Mkuu wangu akakohoa. Mgeni akauliza mama yule amesema nini, na nikamjibu kwamba anashukuru. Kisha nikasema tuendelee na ajenda inayofuata.

Bibi alifariki masika ya pili baada ya pale. Otilia alikuwa ameshajifungua mtoto wa kwanza, na Bibi alimpapasa kitukuu wake usoni kwa vidole ili ajue amefanana na nani. Mazishini nilikwenda, nikasimama nyuma. Mama Otilia alinipa mkono kama alivyowapa wengine.

Muhtasari wa kikao kile uko kwenye faili la mradi, kabati la kushoto, kama mchwa wameuacha. Mtakuta mahudhurio, ajenda zote na saa tuliyofunga. Chini ya taarifa ya kuku niliandika: wajumbe walichangia na kushukuru. Maneno ya Mama Otilia sikuyaandika. Nimeyaandika leo.